Kabla Hamjamfuata Namba Kumi wa Watu

Leo siwezi kutulia. Tangu asubuhi nimefagia sebule iliyokwisha fagiliwa, nimetoka kwenye kibaraza kuutazama mtaa kule chini, nimerudi ndani, na simu bado inalia. Ni nyinyi. Mmoja ananitumia klipu ya kijana anayepiga mpira wa adhabu, mwingine anatuma sauti ya kunionya nisimsikilize wa kwanza. Aliyeniingiza kwenye grupu lenu la WhatsApp ni nahodha wenu, Baraka, na swali lake lilikuwa la adabu: "Shikamoo Bi Zuhura. Wewe ulikuwa meneja wa timu ya chuo miaka yote ile. Huyu kiungo wa chuo cha wenzetu anataka kuhamia kwetu. Tumfuate au tumwache?"

Marahaba, Baraka. Nitajibu, lakini itabidi mnivumilie. Mtu aliyestaafu ukimuuliza habari za kazi yake umejitakia mwenyewe.

Kwanza niseme lililoninyima raha. Nimepitia majina yaliyomo humo. Timu nzima mmo, mpaka kijana anayefua jezi. Salmini hayumo. Salmini ndiye namba kumi wenu, na nafasi anayotafutiwa mgeni ni yake yeye. Mmefungua grupu jipya ili mjadili nafasi ya mwenzenu bila yeye kuwapo. Nalisema mapema ili mjue kwa nini nahangaika humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Haya, tuje kwenye klipu. Nimeitazama mara kadhaa, nimeweka miwani, nimetoa miwani. Kijana ana mguu. Lakini klipu inaonyesha miguu tu, na mimi nilifundishwa nisiitazame miguu. Aliyenifundisha ni Mzee Kombo, kocha wetu, ambaye asubuhi alikuwa mnadi wa samaki pale Feri na jioni anatufundishia timu kwa sauti ileile ya mnada. Mimi niliajiriwa chuoni kuwa mlezi wa bweni. Mpira nilikuwa siujui kabisa. Niliingizwa kwenye timu kwa sababu ya chakula, maana vijana walikuwa wanacheza na njaa, na siku ya kwanza kabisa nikawapikia pilau la samli, la nguvu, saa moja kabla ya mechi. Waliingia uwanjani wakitembea kama waliotoka kuoa. Mzee Kombo hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba kuanzia siku hiyo nikae naye kwenye benchi nione kazi ya mikono yangu.

Hapo kwenye benchi ndipo aliponifunza. Alinambia kiungo mchezeshaji atazamwe shingo. Aliye mzuri anageuza shingo kabla mpira haujamfikia, huku na huku, kama mtu anayevuka barabara ya Msimbazi. Mpira ukifika, tayari anajua unakwenda kwa nani. Anayegeuka baada ya kupokea amekwisha chelewa, hata awe na mbio za namna gani. Ukishaona shingo, tazama mdomo: beki wake akikosea, anasema nini? Ukishaona mdomo, msubiri apoteze mpira. Yupo anayerudi kuutafuta, na yupo anayeshika kiuno kumtazama refa.

Kwa hiyo kama mnamtaka huyo kijana, zimeni simu. Mfuateni kwenye ndondo, mashindano ya mtaani, kwenye uwanja wa mchanga, ambako mpira unadunda utakavyo na mashabiki wamesimama juu ya mstari. Msijitambulishe. Kaeni nyuma ya goli la timu yake, si la wapinzani, mumwone anaporudi kukaba. Na mkague viatu vyake. Mzee Kombo alikuwa akinituma Mchikichini na wachezaji kununua viatu vya mtumba, na kule nilijifunza kukunja soli, kunusa gundi, na kutazama upande unaolika. Mchezaji anayetegemea mguu mmoja tu, kiatu chake kinamsema.

Halafu muulizeni anasoma nini. Msicheke. Kuhama chuo ni kuhama kweli, aje darasani, afanye mtihani, akae na nyinyi mpaka mwisho. Kuna mwaka tulichezesha mamluki, kijana hodari wa mtaani aliyepewa kitambulisho cha chuo asichokijua hata choo chake kiko wapi. Msimamizi wa mashindano akamwita pembeni, akamwambia amtajie mwalimu wake hata mmoja. Akamtaja muuza chipsi wa getini, kwa jina lake kamili, maana ndiye mtu pekee aliyekuwa anamfahamu pale chuoni. Tulirudishwa nyumbani na soksi bado miguuni.

Sasa nawaletea kisa cha Idrisa, ambacho ndicho jibu langu.

Nyinyi hamkukuta mtindo wa kuficha wachezaji. Hapa Bongo, timu ikimtaka mchezaji, ilikuwa haitoshi kukubaliana naye. Lazima afichwe. Anawekwa kwenye nyumba ya mtu, halali kwao, hapokei wageni, mpaka usajili ukamilike, kwa kuwa timu nyingine ikimpata njiani itambeba. Timu kubwa zilifanya hivyo na watu wakaona ndiyo mpira wenyewe. Basi vijana wa chuo nao wakaiga. Mwenyekiti wa michezo wa wanafunzi, kijana mmoja akiitwa Ngonyani, alikuwa mchapakazi, msemaji mzuri, na alipenda siri kuliko alivyopenda mpira.

Tulikuwa tumetolewa nusu fainali mwaka uliotangulia. Namba kumi wetu alikuwa Twalib, mtoto wa Kariakoo, mpole, mwenye pasi safi, ila mechi ikichafuka alikuwa anapotea. Hilo lilijulikana, na yeye mwenyewe alilijua. Ngonyani akasikia kwamba Idrisa, kiungo wa chuo kingine, anahama kwa ajili ya masomo, kwamba hajaamua aende wapi, na kwamba kuna chuo cha tatu nacho kinammezea mate. Kamati ikagawanyika. Wa upande mmoja walisema tumfuate, tumechoka kutolewa. Wengine wakasema tuna kijana wetu, tumelea wenyewe. Walibishana mpaka wakanuniana, na katika kubishana kote huko hakuna aliyefikiria kumuuliza Twalib, wala kumwambia. Ngonyani alitoa amri kabisa asiambiwe, asije akavunjika moyo kabla ya wakati.

Idrisa akafichwa Kigamboni. Alipokuwa anavuka kwa pantoni pale Magogoni, mtu wa chuo cha tatu akamwona, na kabla ya jua kuzama habari ikawa imefika mjini. Ngonyani akaamua amrudishe huku, kwenye msongamano, kwa hoja kwamba Kariakoo kila mtu anatazama mzigo wake na hakuna anayemtazama mwenzake. Msaidizi wake akapata chumba kwa mama mmoja mjane wa Mtaa wa Sikukuu, muuza vitumbua, mtu wa heshima, anayepokea wageni na haulizi maswali. Mimi nikaambiwa tu kwamba mgeni yuko mahali salama. Nilipotaka kujua ni wapi, Ngonyani akaniambia kwa upole kwamba siri ya usajili ikijulikana na watu wengi si siri tena.

Huyo mama ni Bi Salha. Ni mama yake Twalib.

Ngonyani, kama huyo msaidizi wake, alikuwa mtu wa bara, mji huu aliujulia chuoni. Alimjua Twalib wa bwenini, wa kwao hakumjua. Mtu yeyote wa Kariakoo angemwambia. Lakini wa Kariakoo wote tulikuwa tumefichwa habari hiyo.

Bi Salha alimpokea Idrisa kama mtoto wake, akampa kitanda cha Twalib kwa kuwa Twalib alikuwa anarudi kwao Ijumaa tu. Alimlisha. Akanipigia simu kunishukuru, eti chuo kimemkumbuka kwa kumpelekea mgeni, na kijana ana adabu, anaosha sahani yake mwenyewe, na kwa jinsi alivyo na vigimbi lazima atakuwa anacheza mpira kama mwanawe. Hapo nikaelewa kwamba mgeni wetu amefichwa nyumbani kwa Twalib. Niliondoka hapo hapo kumtafuta Ngonyani nimwambie amhamishe yule kijana, nikazunguka chuo kizima, simu yake imezimwa. Ilikuwa Ijumaa.

Yaliyotokea kwenye chakula nilikuja kusimuliwa na Bi Salha. Twalib aliingia baada ya swala akakuta mtu amekaa kwenye jamvi, kifua wazi, anasubiri chakula. Walitambuana mara moja. Walikuwa wameshakabana uwanjani. Idrisa naye akainua macho, akaona juu ya kamba ya nguo jezi ya chuo chetu, namba kumi, imefuliwa na mama, inakauka. Bi Salha akapakua pilau, akawahimiza wale, akafurahi kwamba wanafahamiana. Wakala kwenye sinia moja. Twalib alimsogezea mgeni nyama, kama inavyotakiwa.

Kisha akaja kwangu. Nilikuwa nimerudi bwenini nimechoka. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Shikamoo."

"Marahaba, Twalib. Pita ndani."

"Sikai. Nimekuja kuuliza tu. Mimi nimekosea nini?"

Nikamwambia hajakosea.

"Kama nacheza vibaya si mngeniambia? Mimi naambilika, Bi Zuhura. Mama amempikia yule jamaa wiki nzima, anamwombea dua apate nafasi. Kumbe nafasi yenyewe ni yangu."

Nilimshika mkono akauacha ushikwe, kisha akautoa polepole akaenda zake. Jumatatu yake Bi Salha alileta jezi chuoni, imepigwa pasi na kukunjwa. Alinikabidhi bila kuniangalia. Vitumbua vyake nilikuwa nanunua kila siku kabla ya hapo, na baada ya hapo nilipita mtaa mwingine kwa muda mrefu.

Mtasema, haya, Twalib aliondoka, lakini Idrisa si alikuja? Alikuja. Na alikuwa mzuri, shingo yake ilikuwa kama feni. Mzee Kombo alimpenda. Lakini kitu kiliharibika ambacho hakuna aliyekitegemea. Wachezaji walianza mzaha. Beki akikosea mazoezini anauliza, "Na mimi wangu amefichwa wapi?" Wanacheka. Kipa akifungwa, "Wangu yuko Temeke nini?" Wanacheka tena. Baada ya muda hawakucheka. Akija mgeni yeyote kusimama pembeni ya uwanja pale Jangwani, hata muuza maji, mazoezi yanasimama na watu wanamkodolea macho. Kila mmoja alicheza kwa kujilinda, pasi fupi, za nyuma, asionekane aliyekosea. Idrisa anageuza shingo, anaona nafasi, anaachia mpira, na anayetakiwa kuufuata ameganda. Tulitolewa mapema kuliko mwaka wa Twalib.

Siku tunarudi, Idrisa alikaa karibu nami. Alikuwa kijana asiyependa kulalamika. Alinambia, "Bi Zuhura, chakula cha yule mama nakikumbuka kila nikivaa hii jezi. Ningejua tangu siku ya kwanza ni nyumba ya nani, nisingekula." Nilitaka kumtania ili acheke, nikashindwa. Roho iliniuma kwa ajili yake pia, maana naye hakuambiwa.

Twalib sasa ni mtu mzima, ana duka la vifaa vya umeme, si mbali na hapa. Tukikutana ananiamkia kwa heshima zote, ananiuliza afya, ananibebea mfuko mpaka kwenye ngazi. Siku ya mechi kubwa, mtaa mzima umejaa jezi na mavuvuzela, yeye anashusha mlango wa duka anaenda kulala. Hajakanyaga uwanja tangu siku ile. Hajapata kulitaja. Inaniuma kuliko angenitukana.

Najua wapo kati yenu wanaosema sasa, umeona, bibi anataka tumwache mgeni. Tulieni. Sijasema hivyo.

Miaka kadhaa kabla ya Idrisa tulipata kipa aliyehamia, na kipa wetu, Faraji, alikuwa bado yupo na afya yake. Mzee Kombo hakuitisha kikao. Alimchukua Faraji mpaka kwenye baraza la kahawa, mimi nikiwa pembeni, akamnunulia kahawa na kashata, akamwambia kabla hajamaliza kikombe: "Faraji, kuna kipa anakuja. Nadhani anakuzidi kwenye mipira ya juu. Nimeona uanze kujua wewe, kisha ndio nimwambie yeye kwamba namtaka." Wazee wote waliokuwa wakicheza bao pale waligeuka kututazama. Faraji aliinuka, akamwaga kahawa chini, akaondoka bila kuaga. Nikamwambia mzee amemwaibisha kijana mbele za watu. Akanijibu kwamba hasira ya mbele za watu inaisha, tungoje tu, atarudi.

Faraji akarudi. Nafasi yake hakuipata tena, nisiwadanganye, yule mgeni alikuwa bora na alidaka mpaka mwisho. Lakini alikaa nyuma ya goli kila mechi, akimpigia mwenzake kelele: huyu anapenda kona ya kushoto, yule hana mguu wa kulia, toka, baki, toka. Waliojua kusikiliza walisema tulikuwa na makipa wawili uwanjani. Na Faraji alikuwa akinung'unika, akila sahani mbili kambini kwa kisasi, akituambia sote kwamba tutamkumbuka. Alikuwa mtu mwenye nafasi yake, hata kama si ile aliyoitaka.

Basi jibu langu ni hili. Mfuateni huyo kijana, kama shingo yake inageuka na kama kweli anakuja kusoma. Mnamhitaji. Nimemtazama Salmini msimu mzima kutoka jukwaani, namna mikono yake inavyolegea ikifika dakika za mwisho, na nadhani hata yeye anajua. Wanaosema asifuatwe mtu kwa sababu tunaye wetu, wanampenda Salmini kwa maneno tu, maana nao wamo kwenye grupu lile na hawajamwambia. Wanaosema tunataka kombe tu, nao wakumbuke kwamba kila mmoja wao ana namba mgongoni.

Lakini aanze kujua Salmini. Kabla ya mgeni, kabla ya kocha, kabla ya klipu nyingine hata moja. Na asiambiwe kwa simu.

Sasa niwaambie kwa nini sijaweza kukaa leo. Chuo kimefungwa, na Salmini anamsaidia mjomba wake kuuza viatu kwenye fremu ya hapa chini kwangu. Kila asubuhi huniamkia kutoka kule chini, nami humjibu kutoka huku juu, na mtaa mzima unatusikia. Leo alipanda mpaka mlangoni. Ameniuliza kama nimesikia mazoezi yanaanza lini. Akanionyesha simu yake, lile grupu lenu la siku zote, halina ujumbe hata mmoja wiki nzima.

"Bibi, watu wote wamenyamaza," alisema. "Au kuna mtu amefiwa, mimi sijaambiwa?"

Nikamtazama, nikamwona Twalib mlangoni pa bweni. Nilitaka kumwambia hapo hapo, mdomo ulishafunguka. Nikajizuia, kwa sababu si timu yangu tena, na jambo hili likitoka kwangu atajua kwamba wenzake wote walishindwa. Nikamwambia aje jioni, akishafunga duka, tunywe chai.

Baraka, wewe ndiye nahodha. Unapajua kwangu, ngazi ya pili baada ya duka la madera. Maji nimeshabandika na vitumbua nimeshaagiza. Mezani kuna vikombe vitatu: cha Salmini, changu, na kimoja chako. Uje kabla yake, au mje pamoja, sijali. Ila akifika akakuta kikombe chako hakina mtu, nitamwambia mwenyewe, na nitamwambia pia kwamba nilikuita.